Njia ya Chini

Mliniuliza ni kilomita ngapi hadi Parsma.
Sijui. Mama alipima kwa soksi:
alifuma akitembea, mzigo wa majani mgongoni,
na kutoka Dartlo hadi Parsma
ni soksi nzima, na kisigino cha pili.
Mvua ikinyesha, soksi nzima basi.

Nikasema kazeni kamba za viatu.
Mimi Mzekala. Farasi huyu ni Lurja,
hapendi kuguswa sikio la kushoto.
Aliyeshika hatamu ni Torghva, mwana wa dada yangu;
hasemi neno kabla jua halijafika mtoni,
msidhani amewakasirikia.

Darajani, Joost mwenye ndevu za rangi ya kutu
alifungua mkoba akakiri:
soseji ya nguruwe, ndefu kama mkono wa mtoto.
Huku juu nguruwe haingii, nikamwambia,
hata akiwa kimya ndani ya karatasi.
Hakubishana. Tukaizika chini ya jiwe bapa
kwa heshima, kama watu wanaoficha akiba,
na Lurja akapiga chafya.

Chesho: nyumba kumi na nne, moshi mmoja.
Wengine walishuka tambarare na kondoo
wasipande tena. Minara imebaki,
jiwe juu ya jiwe, bila chokaa, bila mwenyewe,
kama watu waliosahauliwa kwenye foleni.
Bibi Sabedo alitukatia mkate wa jibini
samli ikichuruzika hadi viwikoni,
akawatazama mkila, akaniuliza kwa lugha yetu
ni nani kawafukuza kwao hata mtembee hivi.
Nikatafsiri: anasema karibuni.

Kisha pale penye pembe.
Kijumba cha mawe, pembe za mbuzi-mwitu,
kengele isiyogongwa ila siku yake.
Njia ya juu inakipitia mlangoni.
Mwanamke haipiti. Hapo mimi hushuka.
Mkaduwaa: kiongozi anaiacha njia!
Maren, binti wa Joost, miaka kumi na sita,
akasimama njiapanda, uso umemwiva.
Kwa nini?
Nilikuwa na majibu matatu ya wageni,
niliyakariri kwenye mafunzo ya wilaya.
Sikutoa hata moja. Nikasema
huku chini kuna zaatari na maji.
Akanifuata. Hakuridhika.
Hata mimi.

Ukungu ukaporomoka kama pazia lililokatika.
Juu yetu nikasikia buti zikisita,
kokoto zikikimbia, Torghva kimya:
jua lilikuwa halijafika mtoni.
Nikatia vidole viwili kinywani.
Mluzi mmoja, shikeni kulia. Miwili, simameni.
Hivyo tuliwapitisha wanaume wanne na farasi
mbele ya mahali pasipotutaka,
kwa pumzi tu, kutoka chini,
na Maren akabuni mluzi wa tatu
ambao mpaka leo sijui maana yake,
ila Lurja aliuitikia.

Girevi, askari wa mpaka alikagua karatasi zenu
akizishika juu chini.
Kesho yake mngevuka kilele na kiongozi mwingine,
mshukie kwa watu wanaotia chumvi nyingi.
Mlinikumbatia. Ujira mlinipa ndani ya bahasha,
kama kitu cha aibu.

Nikarudi na farasi mtupu.
Torghva alibaki kumkatia mjomba majani.
Pale penye pembe hapakuwa na mtu,
hapakuwa na ukungu, hapakuwa na shahidi.
Nilisimama muda wa kufuma safu mbili.
Ndipo nikaitazama hii ya chini, kwa mara ya kwanza
bila wageni wa kuhesabu:
imezama ardhini hadi magotini pangu,
pana kuliko ile ya juu, laini katikati
kama ngazi ya nyumba kongwe.
Soksi ngapi hizo?
Nikamwachia Lurja hatamu, akapita kwake
nami nikapita kwangu,
tukakutana mbele bila kuulizana.

Darajani niliinua lile jiwe.
Uzi tu, na karatasi iliyolambwa ikang'aa.
Sikutafuta nyayo.
Nikalirudisha jiwe mahali pake.